Herufi Nyuma ya Jina, Lakini Kamanda Alifanya Nini?

Jamhuri Dei moja tulikuwa tumejazana kwa sebule ya shangazi huku Umoja, TV imewekwa sauti juu, gwaride linapita, na wale wa Navy, jeshi letu la maji, walipoingia na magwanda yao meupe pe, binamu yangu wa darasa la sita akauliza, "Hao ni madaktari wa jeshi?" Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mjomba peke yake hakucheka. Mjomba alikuwa Mtongwe, kambi ya Navy kule Mombasa, karibu miaka ishirini, chini kabisa kwa injini ambako jua hulioni, na sahii anachomelea mageti Kayole. Alimwangalia tu yule mtoto akamwambia, "Hao ndio wanafanya mafuta ya hizo matatu mnapanda yafike."

Basi hapo hapo mtu akatoa simu akaanza kusoma ile orodha ya waliotunukiwa tuzo za kitaifa, manake unajua vile hio orodha hutembea WhatsApp kila tarehe 12 Desemba, kila mtu akitafuta jina la mtu wa kwao. EGH, CBS, EBS, MBS, OGW. Mambo ya Moyo wa Dhahabu na Mkuki Unaowaka. Wanajeshi nao wana zao za ziada, DCO na nyingine, na afisa mkubwa anaweza kuwa na mkia wa herufi mrefu kushinda jina alilopewa na mamake. Mjomba akauliza swali ambalo limenikaa mpaka leo. "Na wameandika alifanya nini?"

Hapana mjomba, hawajaandika. Kuna jina, cheo, herufi, basi.

Na mimi sisemi hawastahili, tafadhali msinianze. Ninachosema ni kwamba kwa kazi zingine unaweza kupona bila maelezo. Mwanariadha akipewa OGW sote tulimwona akikimbia. Daktari, kuna wagonjwa watashuhudia. Lakini mtu aliyeongoza kundi la meli za vita, sisi wa Nairobi tunamjulia wapi? Tuko kilomita karibu mia tano kutoka baharini, manowari yenyewe tunaiona kwa picha, na hata cheo chake kinatupoteza, juu kwa majeshi mengi ya maji duniani mtu kama huyo anaitwa admirali, lakini kwetu kamanda wa Navy ni Meja Jenerali. Ukisikia Meja Jenerali akili inaenda kwa vifaru na matope, haiendi kwa mawimbi.

Kwa hivyo hata wale wakubwa kabisa tunawajua juu juu. Navy yetu ilianza 1964, na kwa miaka ya kwanza iliongozwa na maafisa Waingereza, mpaka 1972 James Kimaro akawa Mkenya wa kwanza kuishika. Hebu fikiria hio kazi. Unapewa jeshi changa, maboti machache ya doria, mafundi ambao wengi hawajazaliwa karibu na maji, na unaambiwa linda pwani yote ya Kenya. Ni wangapi wetu wanamjua Kimaro kwa jina? Mwaka 2000 Joseph Kibwana akawa mtu wa kwanza kutoka Navy kuongoza majeshi yote ya Kenya, na 2015 Samson Mwathethe naye akapanda njia hio hio. Hao angalau tuliwaona kwa TV wakiwa na upanga. Lakini kile walichokuwa wakifanya kabla ya TV, kule kwa maji, ndicho kinastahili heshima na ndicho hatuambiwi.

Nilimuuliza mjomba siku nyingine, nimempelekea kazi ya dirisha, "Mjomba, kamanda mzuri mlikuwa mnamjulia wapi?" Alikuwa ameshika mashine ya kuchomelea, akainua miwani. "Meli kutoka." Nikadhani anatania. Akasema, "Kijana, meli ikikaa gatini hata ipakwe rangi namna gani ni chuma tu. Kamanda mzuri akija, ukiangalia nje asubuhi unaona nafasi tupu gatini. Ujue zimetoka."

Inaonekana ni kitu kidogo, lakini ndo kazi yote iko hapo. Watu wa bahari wana hesabu yao ya kawaida, kwamba ukitaka meli moja iwe kazini siku zote za mwaka lazima uwe nazo kama tatu. Moja iko baharini, ya pili iko kwa mafundi imefunguliwa tumbo, ya tatu inarudisha watu wake kwa mazoezi kabla itoke. Sasa chukua nchi yenye meli za kuhesabu kwa vidole. Ukikosa mpira mmoja wa kuzuia maji yasiingie mahali yasipotakiwa, umekosa meli. Mjomba aliwahi kuzifanyia kazi zile mbili za makombora, Nyayo na Umoja, zilizoundwa Uingereza miaka ya themanini ikielekea kuisha, na anaziongelea vile watu wengine wanaongelea ng'ombe wao. Anasema joto la chumba cha injini lilikuwa linafanya jasho liingie kwa viatu, na kamanda ambaye walimpenda ni yule alikuwa anashuka ngazi bila kutangaza, anasimama hapo kwa joto na nguo zake safi, anauliza pampu gani inasumbua, na wiki ikiisha hio pampu imeshughulikiwa. Hakuna hotuba. Sasa niambie, hio utaiandika kwa herufi gani?

Alafu kuna jambo ambalo wanaosifu na wanaolaumu wote husahau, kwamba kamanda hanunui meli. Angalia Jasiri. Mkataba wake ulitiwa saini 2003, meli ikaundwa Hispania, halafu ikanaswa kwa ile vurugu ya kandarasi za usalama zenye utata, na ikafika Mombasa 2012. Miaka tisa. Kuna watu waliongoza Navy yetu kipindi hicho chote wakiwa na meli kubwa kwa makaratasi huku kwa maji wakisukuma na zilizozeeka, na wakitimiza. Ukiniuliza, huyo aliyeweka maboti ya zamani kazini kwa miaka tisa alifanya kazi ngumu kuliko aliyepiga picha siku meli mpya ilipotia nanga. Lakini picha ndo tunaikumbuka.

Ile sifa ambayo Wakenya wengi wanaijua ni Kismayo. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2012 wanajeshi wetu waliteremka kutoka baharini, wakati Mwathethe ndiye kamanda wa Navy, na Al-Shabaab wakapoteza bandari iliyokuwa inawaingizia pesa ya mkaa na ushuru. Tulishangilia, nakumbuka mtaani watu walikuwa wanaongea kama wao ndio walikuwa kwa boti. Na sawa, kuteremsha jeshi ufuoni usiku ni moja ya kazi ngumu zaidi kwa vita, juu lazima ujue maji kupwa na kujaa, kina cha ufuo, nani anatangulia, mafuta yanafuata na boti gani, majeruhi wanarudi na ipi. Kosea saa moja na boti zimekwama kwa mchanga mbele ya bunduki. Lakini ona vile tumeikumbuka: usiku mmoja. Ile miezi ya doria na kubeba mizigo kabla ya huo usiku haipo kwa hadithi, na bila hio miezi huo usiku haungekuwa.

Na hapa ndo penye utamu wa hili jambo. Kamanda wa meli kazi yake nyingi ni vitu ambavyo havikutokea. Utamtunuku vipi mtu kwa kisichotokea?

Chukua maharamia. Mwaka 2011 mashambulizi ya maharamia wa Kisomali yalihesabiwa 237. Mwaka uliofuata 75. 2013 yakashuka hadi 15. Sisi wa Nairobi hilo tuliliona bila kujua tunaliona, juu meli inayoogopa njia yetu inalipa bima zaidi, inazunguka mbali, na mwisho wa siku ile bei inakuja kukaa kwa kibanda cha mama mboga. Sasa hizo namba zikishuka hivyo, sifa ni ya nani? Meli za Ulaya zilianza doria Desemba 2008, NATO wakaja, Wamarekani na wenzao wakaunda kikosi chao 151 mapema 2009, Wachina na Wahindi wakaleta za kwao, na kampuni za meli zenyewe zikaanza kubeba walinzi wenye bunduki. Ukimchagua admirali mmoja hapo ukamvika medali ya kumaliza uharamia umedanganya. Ukikosa kumpa yeyote pia umekosea. Na hata haukuisha, uliinama tu: Desemba 2023 meli ya Ruen ikatekwa, na Machi 2024 wanamaji wa India ndio waliikomboa.

Lakini kuna njia ya kulieleza vizuri, na hapa nitawapa Wamarekani maua yao kidogo kabla niwanyang'anye. Aprili 2009 meli ya Maersk Alabama ilikuwa inakuja hapa kwetu, Mombasa, imebeba chakula cha msaada, maharamia wakaivamia tarehe 8, na wakaondoka na nahodha kwa boti ya kujiokoa. Aliyekuwa anaongoza kile kikosi 151 ni mwanamke, Michelle Howard, na alikuwa ameshika usukani siku chache tu. Meli yenyewe ikafika Mombasa salama, nahodha akaokolewa tarehe 12, wadunguaji walipowapiga risasi maharamia waliomshika. Miaka mitano baadaye, 1 Julai 2014, Howard akawa mwanamke wa kwanza kwa jeshi la maji la Marekani kupewa nyota nne. Na ile kitu ilinigusa kwa hadithi yake haikuwa risasi za wale wadunguaji. Ni kwamba alipotaka kununua zile beji za mabegani za nyota nne za wanawake, hazikuwepo. Hakuna aliyewahi kuzishona. Ilibidi zitengenezwe kwa oda maalum. Sentensi moja kama hio inakuambia alipotoka na alichokuwa anapambana nacho kushinda mistari hamsini ya "uongozi uliotukuka".

Wenzetu hao wana desturi kwamba medali ikitolewa kuna karatasi inasomwa kwa sauti: kuanzia tarehe hii hadi hii, aliongoza meli hizi, alifanya hiki na hiki. Natamani tungekuwa nayo. Lakini tusijidanganye, hata wao wameichosha. Karatasi nyingi zinafanana kama barua za kuomba ruhusa ya matanga, kila afisa "ametukuka", na cheo kikiwa kikubwa medali nayo inakuwa kubwa karibu yenyewe, mtu akimaliza muda wake anapewa kama vile unapewa chenji.

Na tena angalia Kikosi cha Saba, kile chao cha Bahari ya Pasifiki magharibi, kilichosifiwa miaka na mikaka. Mwaka 2017, tarehe 17 Juni, manowari ya Fitzgerald ikagongana na meli ya mizigo karibu na Japani, wakafa mabaharia saba. Tarehe 21 Agosti, John S. McCain nayo ikagongana na tanki ya mafuta karibu na Singapore, wakafa kumi. Siku mbili baadaye kamanda wa kikosi, Joseph Aucoin, akaondolewa, akiwa amebakisha wiki chache astaafu. Wakaguzi wa serikali yao wakaja kusema kwamba kwa meli zilizokuwa na makao Japani, kufikia Juni mwaka huo vyeti vya mafunzo 37 kwa kila 100 vilikuwa vimepitwa na wakati. Watu walikuwa wamechoka, hawalali, mazoezi yanarukwa juu kazi ni nyingi na meli ni chache. Si ndio ile hesabu ya tatu-kwa-moja ya watu wa bahari imevunjwa mchana kweupe? Meli zilikuwa zinatoka, nafasi gatini ilikuwa tupu, lakini zinatoka na watu ambao hawajaiva. Nilipomsimulia mjomba alinyamaza muda, akasema, "Basi nilikuambia nusu. Meli kutoka na kurudi."

Hio ndo sababu nasema heshima bila maelezo ni kitu hatari kidogo, siyo tu kitu pungufu. Kama hatujaandika mtu anasifiwa kwa nini, hatuna pa kushika siku mambo yakiharibika.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika: jeshi lina siri, huwezi kuanika kila kitu. Kweli. Sitaki ramani za doria mimi, nitazifanyia nini? Lakini ilikuwa siri gani 29 Septemba 2019, gari lilipoteleza kwa feri Likoni na mama na mtoto wake ndani, na nchi nzima ikakaa karibu wiki mbili ikiangalia? Wapigambizi wa Navy walikuwa kule pamoja na wenzao wa nje, kina zaidi ya mita 50, mkondo unavuta, meli za bandari zinapita, chini ni giza hata mkono wako huuoni, na sisi huku kwa mitandao tukiwatukana ati wanazembea, kila mtu na maujuzi yake ya kupiga mbizi aliyoyapata kwa swimming puli ya hoteli Machakos. Tarehe 11 Oktoba gari likatolewa. Nani aliongoza hio kazi kila asubuhi, nani aliamua leo hawashuki juu mkondo ni mbaya, na akakubali kutukanwa badala ya kupoteza mpigambizi? Huyo uamuzi wake unaweza kuandikwa kwa mistari minne ya Kiswahili na hakuna adui atafaidika.

Na kuna wale watasema kumtukuza mkubwa mmoja ni kuwaibia wadogo waliofanya kazi. Hao nawasikiza zaidi. Juzi nilikuwa natembea Kenyatta Avenue nikasimama kwa ile sanamu ya askari watatu wa shaba, ile ya 1928, hapo watu hungojeana. Kuna mpiga viatu rangi anakaa kando, kuna kijana anauza kavaa za simu, na kwa ukuta wa chini maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Nimepita hapo maelfu ya mara na sikuwa nimesoma. Inasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Hakuna jina hata moja pale, na walikufa maelfu kwa maelfu, kwa hivyo sitaisifu sana serikali ya mkoloni. Ila jamani, hata mkoloni aliandika kwa Kiswahili kile watu walichofanya: walibeba. Sisi miaka karibu mia baadaye, na sheria yetu wenyewe ya tuzo za kitaifa ya 2013, tunachapisha herufi.

Kwa hivyo ninachotaka ni kidogo sana. Kamanda wa meli akitunukiwa, paragrafu mbili. Aliongoza nini, kutoka lini hadi lini, meli ngapi zilikuwa zinatembea alipoingia na ngapi alipotoka, ni watu gani wa chini walibeba hio kazi pamoja naye. Iandikwe kwa Kiswahili ambacho shangazi yangu anaweza kusoma bila kuita mtu. Kama kuna la siri, liwekwe kando litoke baada ya miaka kumi. Tusingojee mtu afe. Jenerali Ogolla, ambaye hata alikuwa wa jeshi la hewa, tulianza kumjua vizuri baada ya ile helikopta kuanguka 18 Aprili 2024, ndo hadithi zikamwagika, alivyokuwa anaishi, alivyotaka azikwe. Mtu alikuwa mkuu wa majeshi yote na tulimjua kwa matanga.

Mjomba naye ana medali moja, ya utumishi wa miaka mingi, anaiweka kwa mkebe wa biskuti pamoja na risiti za vyuma. Wiki mbili baada ya ile Jamhuri Dei tulikuwa kwake Kayole, yule binamu akaufungua mkebe akiitafuta biskuti, akaitoa ile medali akaigeuza nyuma na mbele kuona kama kuna maandishi. Hakuna cha maana. Akamuuliza, "Mjomba, ulipewa juu ya nini?" Mzee akafikiria kidogo, akavuta karatasi ya hesabu ya geti la mtu, akaanza kuchora pampu, bomba linaingia hapa, maji ya chumvi yanapita hapa, hapa ndo pana shida siku zote. Kuhusu feri ya Mtongwe iliyozama 1994 hakusema kitu, huwa hasemi. Alikaa na pampu tu. Saa tatu usiku chai ilikuwa imepoa, mama ameita mara mbili tuondoke, na yule mtoto alikuwa ameinamia karatasi, medali ameishika kwa mkono mwingine ameisahau, anauliza, "Na hio valvu ikikataa kufunguka, na mko katikati ya bahari?"